Kutuma imeili kwa Python na SendGrid bila kuanika anwani za watu

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina watu 46, na kila mwisho wa mwezi mama mhazina alikua anakesha anatuma taarifa za kikao mojamoja kwa mkono, nikamwambia mama niachie hii kazi. Nikaandika programu fupi ya Python inayotuma kupitia SendGrid, huduma ya mtandaoni ya kutuma imeili nyingi kwa niaba yako. Hivi ndo nilivyofanya, na kuna sehemu moja naomba uisome mara mbili.

Hatua ya 1. Fungua akaunti SendGrid alafu thibitisha anwani ya mtumaji kabla hujaandika chochote. Kama huna domeini (jina lako mwenyewe la mtandaoni, mfano example.com) thibitisha anwani moja tu, wanakutumia linki unabonyeza, imeisha. Kama unayo fanya domeini nzima, wanakupa rekodi za CNAME (mistari ya mipangilio ya domeini) unaenda kuzibandika kule unakolipia domeini, inachosha kidogo ila ndo inayokupa saini ya DKIM kwa jina lako, yaani alama ya kuthibitisha barua imetoka kwako kweli, bila hiyo ni rahisi sana kuishia spamu.

Hatua ya 2. Tengeneza ufunguo wa API, yaani neno la siri ambalo programu yako inatumia kuongea na SendGrid, na uupe ruhusa ya kutuma tu. Unaanza na SG. na unaonyeshwa mara moja tu, kwahiyo kopi hapohapo. Tafadhali usiubandike ndani ya faili la programu, siku ukipandisha GitHub (mtandao wa kuhifadhi na kushiriki kodi) mtu anauokota na anatuma utapeli kwa jina lako. Uweke kwenye terminal (dirisha la kuandika amri) hivi:

```
export SENDGRID_API_KEY='SG.xxxx'
pip install sendgrid
```

Hatua ya 3. Faili lenyewe:

```
import os
from sendgrid import SendGridAPIClient
from sendgrid.helpers.mail import Mail

orodha = ['a@example.com', 'b@example.com']

ujumbe = Mail(
    from_email='hazina@example.com',
    to_emails=orodha,
    subject='Taarifa ya kikao',
    html_content='<p>Kikao ni Jumamosi saa 10.</p>',
    is_multiple=True)

sg = SendGridAPIClient(os.environ['SENDGRID_API_KEY'])
try:
    jibu = sg.send(ujumbe)
    print(jibu.status_code)
except Exception as e:
    print(getattr(e, 'body', e))
```

Sasa hapo kwenye is_multiple=True ndo pa kusoma mara mbili. Usipoiweka, laibrari ya sendgrid inawaweka watu wote kwenye bahasha moja, yaani kila mtu anaona anwani za wenzake wote. Mimi mara ya kwanza sikuiweka, na mwanachama mmoja ambaye hakutaka ndugu zake wajue yuko kwenye kikundi akakuta anwani yake iko wazi mbele ya shemeji yake. Nilimpigia kumuomba radhi na mpaka leo naumia nikikumbuka. Ukiiweka kila mtu anapata barua yake peke yake, hata kama umetuma ombi moja tu kwa API.

Hatua ya 4. Ukiona 202 jua wamepokea ombi lako, bado haijafika kwa mtu, kwahiyo ingia kwenye ukurasa wa Activity kule SendGrid uangalie imefika au imegonga mwamba. 401 kagua ufunguo. 403 mara nyingi anwani ya from_email sio ile uliyothibitisha, ndo maana nimeweka ule mstari wa body, unakwambia kosa lenyewe.

Kabla ya kupakia orodha nzima mimi natuma kwanza kwa anwani zangu mbili, nafungua zote kwenye simu, naangalia pale juu palipoandikwa imetumwa kwa nani. Nikikuta anwani moja tu kwenye kila barua, ndo naweka wale 46.