Mzee anaongea kama kalewa: unampimaje wodini na unaanzia wapi

Mgonjwa akiletwa wodini na ulimi mzito mimi siendi kwanza kutafuta fomu, namsalimia tu. Shikamoo mzee. Mtu mzima hata kama upande mmoja umepooza atajitahidi akujibu marahaba, na hiyo marahaba moja inakupa mengi, midomo inafunga kwenye m na b, ncha ya ulimi inapiga r, pumzi inapita kwenye h. Ikitoka "mawahama" ushaanza kujua tatizo liko wapi.

Ila kabla hujanogewa uliza ndugu mambo mawili. Hivi ndo anavyoongea siku zote? Na mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Sio "mmemkuta saa ngapi", hapo watu wanachanganya sana. Kama ni kiharusi cha damu kuganda, dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida inatolewa ndani ya saa 4 na nusu, kwa hiyo mwite dokta kwanza. Mtoboe kidole upime sukari, maana sukari ikishuka nayo inalevya ulimi, nimeshaona mtu anasubiri skani ya kichwa kumbe anahitaji glukosi. Angalia na dawa anazotumia, fenitoini, dawa ya kifafa, ikizidi mwilini inafanya hivyo hivyo.

Halafu tenganisha disathria na afasia. Disathria ni misuli ya kuongea, lugha yenyewe iko salama kichwani; afasia ni lugha yenyewe ndo imeharibika kwenye ubongo. Mwambie "fumba macho, kisha gusa sikio", mpe kalamu aandike kama anajua kuandika na mkono unafanya kazi. Akielewa na kuandika vizuri ila sauti ndo inatoka ovyo, hiyo ni disathria. Anaweza kuwa na vyote viwili pia, usishangae.

Sasa kupima sauti. Watu wanatumia pa-ta-ka, sawa, ila mimi napenda baba, dada, kaka, kila mtu anayajua. Baba ni midomo, dada ni ncha ya ulimi, kaka ni shina la ulimi kule nyuma. Arudie kila neno haraka haraka kwa sekunde 5 usikilize linavunjikia wapi. Baba ikisikika kama "mama" hewa inavujia puani, yaani kaakaa laini halinyanyuki, mbane pua taratibu aseme tena, ikirudi kuwa baba umepata jibu. Mwangalie mdomoni akisema aaa, kimio kinavutwa upande ulio mzima, wakati ulimi ukitolewa nje unaelekea upande uliolegea. Hiyo aaa aivute mpaka pumzi iishe, chini ya sekunde 10 kwa mtu mzima ni kidogo.

Mwishoni ahesabu kwa pumzi moja, namba mbili kwa sekunde. Asipofika 15 wasiwasi wako uhame kwenye ulimi uende kwenye kifua, hasa kama miguu nayo inalegea, inaweza kuwa Guillain-Barré, ugonjwa wa neva unaolegeza misuli mpaka ya kupumua. Na akianza vizuri halafu sauti inafifia kadiri anavyoongea, akipumzika inarudi, fikiria miasthenia gravis, ugonjwa wa misuli kuchoka haraka ikitumika.

Kumeza!! Ulimi uliolegea kwenye maneno mara nyingi umelegea na kwenye chakula. Hakuna uji wala vidonge mpaka apimwe. Awe macho, aketi wima, kijiko cha maji kwanza, ukiona salama kikombe cha mililita 90 bila kusimama. Akikohoa au sauti ikawa na majimaji, acha. Wengine maji yanaingia kifuani hata hawakohoi, kwa hiyo kama bado una mashaka usimlishe, mwite mtaalamu. Na kinywa kisafishwe hata kama hali chochote, uchafu wa mdomoni ndo unaoleta nimonia.

Matibabu siku za kwanza ni dakika 5 mpaka 10, mara kadhaa kwa siku, anachoka haraka. Ndugu watakuja na puto la kupuliza na asali ya kulamba. Puto halina ushahidi wa maana kwamba linarudisha maneno, na asali kwa mtu asiyemeza vizuri ni hatari. Anayetaka kuongea afanye mazoezi ya kuongea. Chukua sentensi anazozihitaji leo leo: nataka maji, naumwa hapa, nigeuze. Kila moja kwa pumzi yake, sauti juu kidogo, mdomo ufunguke, na kidole kigonge godoro kwa kila silabi, na-ta-ka-ma-ji. Kiswahili kinagongeka vizuri kwa hilo. Meno ya bandia avae kama anayo, redio izimwe.

Bado haeleweki? Mwandikie alfabeti kwenye kartoni, aguse herufi ya kwanza ya neno ndipo aliseme. Asiyesoma mchoree picha: kikombe, choo, kitanda. Asiyetoa sauti kabisa, kufumba jicho mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

Na juu ya kitanda bandika karatasi ya wageni, herufi kubwa: BABU ANAELEWA KILA KITU. USIMPIGIE KELELE. MSUBIRI AMALIZE.