Kufunga Turbo na Geji za Uangalizi kwenye Pikipiki ya Theluji ya Milimani

Katika kipito cha Togwotee, Wyoming, Marekani, chenye kimo cha mita 2,944, presha ya hewa ni takriban kPa 70, ilhali katika usawa wa bahari ni kPa 101. Injini isiyo na turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo mwendeshaji anayefika huko amekwisha kupoteza zaidi ya robo ya nguvu alizonunua, na theluji ya unga yenye kina kirefu haina huruma kwa injini dhaifu. Ski-Doo walianza kuuza pikipiki ya mipigo miwili yenye turbo ya kiwandani kwa modeli ya 2020, na Polaris wakafuata na modeli ya 2022. Mwenye chombo cha kabla ya hapo, cha silinda mbili na ukubwa wa cc 800 hadi 850, hulazimika kununua turbo pamoja na vifaa vyake vyote na kuifunga mwenyewe. Mwongozo huu unamhusu yeye.

Kwa maoni yangu, jambo linaloamua kama injini itadumu ni mpangilio wa kazi: geji zifungwe kwanza, chombo kiendeshwe nazo kikiwa bado hakina turbo, na vipimo vyake viandikwe. Anayefunga turbo na geji siku moja huona tarakimu ambazo hana cha kuzilinganisha nacho, na hawezi kujua kama nyuzi anazozisoma ni hali ya kawaida ya injini yake au ni dalili ya hatari.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha kwamba injini inastahili mzigo huo. Pima mgandamizo wa kila silinda injini ikiwa na joto. Silinda hizo mbili zinapaswa kukaribiana sana. Kisha ziba njia za hewa na za moshi, uingize hewa yenye presha ya psi 6 hivi (psi moja ni karibu kPa 7) ndani ya injini, na utazame kama presha inabaki. Injini ya mipigo miwili huvuta hewa kupitia sehemu ya krenki, kwa hiyo sili ya krenki iliyochakaa huingiza hewa ya ziada na kuufanya mchanganyiko uwe mwepesi, yaani wenye hewa nyingi na mafuta pungufu, katika silinda moja tu, na turbo huugeuza udhaifu huo kuwa pistoni iliyotoboka.

Geji nne zinatosha: presha ya turbo, joto la moshi kwa kila silinda, uwiano wa hewa na mafuta, na presha ya mafuta. Joto la maji ya injini kwa kawaida huonyeshwa na kioo cha kiwandani. Kama chako hakionyeshi, ongeza geji ya tano, kwa sababu itahitajika.

Sensa za joto la moshi huingia kwenye mabomba yanayotoka moja kwa moja kwenye silinda. Mafundi wengi huzitoboa karibu sentimita 10 kutoka kwenye uso wa silinda, lakini lililo muhimu zaidi ni kwamba umbali uwe sawa kwa silinda zote mbili na ncha ya kila sensa ifike katikati ya mkondo wa moshi. Vua bomba hilo kabla ya kutoboa na ulisafishe kabisa, kwa kuwa chembe ya chuma itakayosalia ndani itasukumwa hadi kwenye mapanga ya turbo siku ya kwanza ya kuwasha.

Sensa ya uwiano wa hewa na mafuta hufungwa kwenye bomba la kutokea baada ya turbo. Presha kubwa iliyo kabla ya turbo hupotosha usomaji wake, na joto la huko huifupishia maisha. Ielekeze juu, ikiinama angalau nyuzi 10 kutoka kwenye mlalo, ili maji yasikusanyike ndani yake na kuupasua udongo wake wa kauri inapopata moto. Katika injini ya mipigo miwili sehemu ya hewa na mafuta hupita hadi kwenye moshi bila kuungua, na oili huichafua sensa polepole. Kwa sababu hiyo tarakimu zake zitumike kulinganisha siku na siku, wala zisichukuliwe kuwa kipimo kamili.

Geji ya presha ya turbo huchukua hewa kutoka kwenye boksi la hewa, baada ya kompresa, yaani upande wa turbo unaosukuma hewa. Ukitumia mpira mwembamba, upandishe bila kuuacha ulegee katikati, maana unyevu utakaotuama mahali palipolegea utaganda na geji itakwama kwenye tarakimu ya uongo. Geji yenye sensa ya umeme ni bora kwenye baridi kali. Ni lazima pia kujua kama geji yako inasoma presha iliyozidi hewa ya nje au presha nzima, kwa sababu katika milima tofauti hiyo ni kubwa. Kwenye Togwotee, psi 4.5 za turbo hurudisha tu presha ya usawa wa bahari. Psi hizohizo zikitumika karibu na mji wa Revelstoke, British Columbia, Kanada, ulio kwenye mita 480 hivi, presha nzima hufikia kPa 126, yaani robo zaidi ya ile ambayo injini iliundiwa. Huko Revelstoke msafara huanzia bondeni na kuishia kwenye vilele vinavyopita mita 2,000 siku hiyohiyo, kwa hiyo kidhibiti cha presha kinachojirekebisha kulingana na kimo kinastahili bei yake.

Kuhusu umeme, pikipiki nyingi za milimani hazina betri ili zipunguze uzito, na geji hupata umeme wa kuyumbayumba injini inapozunguka taratibu. Tumia waya uliokwisha kusawazishwa kuwa volti 12, weka fyuzi ya kila kifaa, na uunganishe nyaya hasi zote mahali pamoja.

Sasa turbo yenyewe. Katika injini hii hukaa baada ya bomba kubwa la moshi lenye tumbo, ambalo umbo lake ndilo huirudishia silinda sehemu ya mafuta yaliyotoroka. Ishikilie kwa mabano yake mwenyewe, usiiache ining'inie kwenye bomba, kwa kuwa mtikisiko wa injini utapasua maungio. Bomba la kurudisha oili lishuke wima kadiri inavyowezekana. Oili inayokosa njia ya kushuka hupita kwenye sili na kuingia kwenye moshi au kwenye hewa ya injini. Kama mtengenezaji amekupa kizuizi cha njia ya oili, kifunge bila kujadili, maana beringi za vigololi hazihitaji oili nyingi. Kinga ya joto iwekwe kati ya turbo na mipira ya mafuta, na matundu ya boneti yawekewe wavu, kwani theluji inayofyonzwa hugeuka barafu kwenye chujio.

Ziba mdomo wa kompresa, ingiza hewa ya psi 5 kwenye njia nzima, na upake maji ya sabuni kwenye kila ungio. Povu likionekana, kaza klampu na urudie.

Presha ya mafuta ipande psi moja kwa kila psi ya turbo. Vinginevyo nozeli zitatoa mafuta pungufu wakati yanapohitajika zaidi. Programu ya injini ifuate turbo uliyonunua na mafuta utakayotumia. Petroli ya okteni 91 hutosha kwa presha ndogo, lakini ukiongeza presha utahitaji mafuta ya mashindano, na ukichagua yenye risasi utaiua sensa ya uwiano wa hewa. Fahamu pia kwamba sheria ya Marekani inakataza kuondoa au kulemaza vifaa vya kudhibiti moshi. Ulizia uhalali wa vifaa kabla ya kulipa.

Klachi husahauliwa mara nyingi. Nguvu zikiongezeka, uzito wa ndani ya klachi ya mbele lazima uongezwe, vinginevyo injini itapita mizunguko iliyopangiwa, ambayo kwa nyingi za aina hii ni karibu 8,000 kwa dakika, na belti itaungua.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, zungusha injini bila cheche mpaka oili ionekane kwenye bomba la kurudi. Kisha endesha kwa presha ndogo kabisa, mahali tambarare penye theluji laini. Ulaini huo ni wa lazima, kwa sababu injini hizi hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda wa nyuma kwenye vipozeo vilivyo chini ya kiti, na njia ngumu yenye barafu huviacha vikiwa vikavu.

Hapa ndipo vipimo ulivyoandika vinapofanya kazi. Joto la moshi likipanda na mchanganyiko ukawa mwepesi, mafuta hayatoshi. Hatari kubwa zaidi huja kwa sura ya kutuliza: injini ikianza kugonga kwa ndani, joto la moshi hushuka, kwa sababu moto unaingia kwenye pistoni na kichwa cha silinda badala ya kutoka nje, huku joto la maji likipanda. Ukiona geji hizo mbili zikiachana hivyo, achia kichapuzi mara moja, zima injini na utazame plagi; chembe ndogo zinazong'aa kwenye udongo mweupe wa plagi ni aluminiamu ya pistoni. Usiongeze presha mpaka sababu ipatikane.

Baada ya safari ya kwanza, injini ikisha poa, kaza upya klampu zote na bolti za turbo, kisha angalia springi za bomba la moshi. Presha ipandishwe psi moja kwa wakati, na kila hatua iandikwe pamoja na kimo na joto la hewa la siku hiyo.