Jinsi ya kukagua rekodi ya kampuni kubwa ya elektroniki: maadili na mazingira, hatua kwa hatua

Kuna rafiki yangu anaandika tasnifu kuhusu kampuni moja kubwa ya elektroniki, akaniletea ripoti yao ya uendelevu, kurasa mia na kitu, akaniuliza sasa hawa ni wazuri au wabaya. Nimemwelekeza, na naandika hapa kwa yeyote mwenye kazi kama hiyo. Swali linalojirudia kila hatua ni moja tu: nini kimehesabiwa, na nini kimeachwa nje?

Hatua ya 1: Jua ni kampuni ipi hasa

Jina moja, kampuni kibao. Tarehe 7 Mei 2020 gesi ya staireni ilivuja kwenye kiwanda cha LG Polymers kule Visakhapatnam, India, watu 12 wakafa. Kile kiwanda kilikuwa kampuni tanzu ya LG Chem, kwa hiyo usitegemee kukikuta kwenye hesabu za LG Electronics wanaotengeneza TV na friji. Tafuta orodha ya kampuni tanzu kwenye ripoti ya fedha (sio ya uendelevu), halafu amua mapema unakagua kundi zima au tawi moja, na uandike hivyo juu kabisa ya kazi yako.

Hatua ya 2: Kusanya ripoti

PDF, angalau za miaka mitano. Zilizoondolewa kwenye websaiti jaribu Wayback Machine, kumbukumbu ya kurasa za zamani za mtandao.

Hatua ya 3: Hewa ukaa (hapa tulia)

Hapa ndipo usiku mzima uliniishia nikitafuta kwa nini namba ya mwaka mmoja inatofautiana kwenye ripoti mbili za kampuni hiyo hiyo. Fungua spredshiti na uandike namba mwenyewe kwa mkono, usiipe AI ikufupishie, maana tanbihi ndiyo yenye habari na ndiyo inayorukwa kwanza.

Gesi joto zinagawanywa mafungu matatu. Skopu 1 ni zinazotoka viwandani kwao, skopu 2 ni za umeme wanaonunua, skopu 3 ni kila kitu kingine, kuanzia mgodini mpaka umeme ambao TV inakula nyumbani kwa mteja, na ina vipengele 15.

Anza na skopu 2. Tangu 2015 mwongozo wa GHG Protocol (kanuni za kuhesabu gesi joto ambazo makampuni mengi huzifuata) unataka namba mbili: ya kwanza kwa msingi wa mahali, yaani gridi wanayochotea umeme ni chafu kiasi gani, na ya pili kwa msingi wa soko, ambayo inawaruhusu kuhesabu vyeti vya nishati jadidifu walivyonunua, yaani hati za kuthibitisha kwamba umeme kiasi fulani ulizalishwa mahali fulani kwa jua, upepo na kadhalika. Sasa kiwanda kinaweza kuendelea kula umeme ule ule wa makaa ya mawe huku namba ya soko inashuka kila mwaka, na mara nyingi grafu kubwa ya mbele ni ya soko, ile nyingine unaikuta kwenye jedwali la nyuma kabisa. Chukua zote mbili. Sisemi vyeti ni uongo, ila cheti kilichonunuliwa peke yake na mkataba wa miaka mingi unaowezesha shamba jipya la upepo kujengwa ni vitu viwili tofauti kabisa, kwa hiyo tafuta wametumia kipi na kwa kiasi gani.

Halafu mwaka wa msingi, yaani ule ambao kupungua kote kunalinganishwa nao. Makampuni haya yanauza na kununua viwanda kila mara. Toshiba iliuza biashara yake ya memori 2018, leo inaitwa Kioxia, ikabaki na karibu asilimia 40 ya hisa. Kampuni inayohesabu kwa kigezo cha udhibiti (inahesabu kile inachokiendesha yenyewe tu), kiwanda kikishatoka mikononi mwake moshi wake nao unatoka kwenye skopu 1 na 2, hata kama bado ina hisa humo. Kanuni inataka mwaka wa msingi uhesabiwe upya mabadiliko yakiwa makubwa, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya namba kutofautiana kati ya ripoti na ripoti. Ukiona mstari umeporomoka ghafla, kabla hujapongeza angalia nini kiliuzwa mwaka ule.

Kama wanatengeneza chipu, uliza kuhusu gesi za kiwandani. NF3 (nitrojeni trifloridi) inatumika kusafisha mitambo, na kilo moja yake inapasha dunia kuliko kilo 16,000 za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100, SF6 (salfa heksafloridi) inavuka 23,000. Paneli za sola haziondoi hilo, inahitajika mitambo ya kuziharibu gesi hizo kabla hazijatoka. Ndiyo maana ahadi isomwe kitengo kwa kitengo: Septemba 2022 Samsung Electronics walitangaza kujiunga na RE100 (kampuni zinazoahidi kutumia umeme wa nishati jadidifu tu) na kufikia sifuri halisi, yaani gesi zinazobaki zifidiwe zote, ila mwaka 2030 ni wa kitengo cha simu, TV na vyombo vya nyumbani, chipu ziko kwenye lengo la 2050. Na sehemu kubwa ya uchafuzi wao wa skopu 1 na 2 iko kwenye chipu.

Kupungua "kwa kila kiasi cha mapato" usikuhesabu kama kupungua. Andika tani.

Hatua ya 4: Madini

Kampuni zilizo kwenye soko la hisa la Marekani, ambazo bidhaa zao zinahitaji bati, tantalamu, tangisteni au dhahabu, zinatakiwa kujaza Fomu SD kila mwaka kuhusu madini hayo, kwa hofu kwamba yanagharimia vita kule Kongo na jirani zake, kutokana na sheria ya Dodd-Frank ya 2010. Iko wazi kwenye websaiti ya SEC, msimamizi wa masoko ya hisa ya Marekani. Kobalti, madini ya betri, haimo, kwa hiyo fomu safi haisemi lolote kuhusu betri.

Hatua ya 5: Watu

Hapa ripoti ya kampuni weka pembeni kwanza. Wafanyakazi wa chipu wa Samsung waliougua saratani, na familia zao, walipambana tangu 2007 kupitia kikundi cha Banolim, na makubaliano ya mwisho, kampuni kuomba radhi rasmi na mpango wa fidia, yalikuja Novemba 2018. Mtu aliyetegemea ripoti tu asingeielewa miaka yote ile. Anza na vyama vya wafanyakazi, nyaraka za mahakama na Business & Human Rights Resource Centre, ambao huziomba kampuni majibu na kuyachapisha. Rushwa nayo tafuta SEC na Wizara ya Sheria ya Marekani hata kama kampuni si ya huko, Siemens ya Ujerumani 2008 ililipa jumla ya takribani dola bilioni 1.6 Marekani na kwao.

Alama za ESG (mazingira, jamii na utawala), ambazo kampuni za tathmini huwapa makampuni, mimi siziweki kabisa. Za MSCI kwa mfano zinapima hatari kwa pesa za mwekezaji, wakati wewe unatafuta nani ameumia.

Hatua ya 6: Bidhaa inaishi muda gani

Angalia miaka ya sasisho, vipuri, na kama betri inatoka. Oktoba 2018 Italia iliipiga Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung milioni 5 hasa kwa masasisho yaliyodhoofisha simu.

Hatua ya 7: Waandikie

Usitoe alama moja ya jumla, kila eneo lipe hukumu yake na tarehe. Mapengo yaliyobaki yageuze maswali matatu mafupi, yatume kwa barua pepe iliyoko mwisho wa ripoti, wape wiki tatu. Wakijibu, nakili jibu zima kwenye shiti. Wasipojibu, andika kwenye safu hiyo hiyo kwamba waliulizwa tarehe fulani na hawakujibu.