Jinsi ya kumuelewesha mtu uchumi akaelewa na asichoke

Ukitaka kuongelea uchumi kwenye kikoba, kijiweni au hata nyumbani, anza na bei ambayo mtu anaijua mwenyewe, majina ya kitaalamu yaje baadae. Ukifungua mdomo na "mahitaji na ugavi" umeshawapoteza.

Chukua nyanya. Muulize mama ntilie kwanini fungu la buku leo lina nyanya nne wakati mwezi uliopita zilikua saba, alafu nyamaza umsikilize. Atakwambia mvua zimezidi, zimeozea shambani, magari kutoka Ilula yanachelewa, tenga limepanda. Hapo ameshakuelezea ugavi, yaani bidhaa inavyofika sokoni, we kazi yako ni kumpa jina tu. Muulize tena mbona anaendelea kununua, atasema mchuzi bila nyanya wateja hawali ila anapunguza anachanganya na ya kopo, basi hayo ndo mahitaji na bidhaa mbadala, kamaliza mwenyewe.

Riba nayo usiende mbali, tumia mchezo, ule wa kuchangishana hela na kupokezana. Watu kumi, kila mmoja anatoa 50,000 kwa wiki, mmoja anabeba laki tano. Waulize kwanini kila mtu anataka kupokea wa kwanza wakati hela ni ile ile. Watabishana weee, waache. Wa kwanza kakopeshwa na wenzake bila riba, wa mwisho ndo kawakopesha wote na hajalipwa kwa kusubiri, na riba ni hiyo hiyo, malipo ya kusubiri na ya hofu kwamba mtu anaweza kupokea akapotea.

Sasa mfumuko wa bei, hapa tulia usikimbie maana ndo pana ugomvi kila mwezi NBS, ile Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wakitoa namba zao. Mtu anasikia mfumuko umeshuka anasema tunadanganywa mbona dukani bei haijashuka. Hajakosea kuhusu dukani, ila hakuna aliyemwambia kwamba mfumuko ni mwendo wa bei kupanda, sio bei yenyewe. Andika kwenye karatasi: unga kilo ilikua 1,500, mwaka unaofuata 1,800, hiyo ni asilimia 20. Mwaka mwingine ikaenda 1,854, asilimia 3. Mfumuko umeshuka kutoka 20 mpaka 3 na unga bado umepanda! Mi huwa nawaambia gari lililokua linakimbia 80 limepunguza mpaka 30, halijarudi nyuma, linaenda mbele taratibu. Na mwambie pia NBS wanapima kapu zima, kuna chakula, kodi ya nyumba, nauli, nguo, kwahiyo anayemaliza karibu hela yote kwenye chakula anaweza kuumia kuliko namba inavyosema. Usimfiche hilo, anakuona mkweli na anakusikiliza zaidi.

Alafu wape kazi ya kufanya, maneno matupu hayakai kichwani. EWURA, wale wanaosimamia nishati na maji, wanatangaza bei za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, waambie siku moja kabla waandike nauli ya boda, nauli ya daladala na bei ya tenga la nyanya, waandike tena baada ya wiki mbili. Mafuta yakipanda sana boda anaweza kubadilisha bei siku hiyo hiyo, daladala inabaki pale pale kwasababu nauli yake inapangwa na LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu. Waulize sasa hiyo tofauti nani anaibeba, abiria, dereva au mwenye gari, na kikao kinachofuata kianzie hapo.