Kabla hujatoa hela ya baiskeli ya resi, pitia haya kwanza

Wadau, karibu kila mwezi kuna mtu ananitumia picha WhatsApp, baiskeli imeegeshwa ukutani inang'aa, chini ameandika tu "hii laki nane mkuu, nichukue?" Na mimi jibu langu ni lile lile, sijui, geuza upande wa cheni nione. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali Septemba 2025 ndo zimezidi, watu wamemuona Pogačar, yule Mslovenia, anashinda pale wakapata mzuka, sasa kila mtu anataka fremu ya kaboni. Basi naandika hapa mara moja, kwa yule anayetaka resi ya daraja la kati, ya kumpeleka Bagamoyo na kumrudisha Dar Jumamosi bila kumfia njiani, na hela yenyewe ni ya kuungaunga.

Tuanze na hiyo hela. Kama una milioni moja usiende kwa muuzaji na milioni moja kichwani, nenda na laki saba. Ile laki tatu iliyobaki wala siyo akiba, ni bei ya baiskeli vile vile, ila hulipi siku hiyo na hulipi kwa mtu huyo. Resi za mtumba zikishuka kwenye kontena nyingi hazina pedeli, tairi zimekaa stoo mpaka zimepasukapasuka pembeni, waya za gia zina kutu humo ndani, cheni imekula umri. Weka na helmeti, taa, pampu, tyubu mbili za akiba, hapo laki tatu inaondoka huku unaiangalia. Mimi ya kwanza nilitoa yote mpaka ya nauli, nikaikokota hadi nyumbani kwa sababu haikuwa na pedeli, ikakaa sebuleni wiki tatu, mama watoto akawa anaanikia kanga.

Na hiyo hiyo ilikuwa kubwa. Hapa naomba tukae kidogo maana ndipo watu wengi tunapopigwa, na kosa la saizi hakuna fundi wa kukutengenezea. Mimi nina sentimita 170, ile fremu ilikuwa 58, nikauliza, jamaa akaniambia "siti si inashuka kaka". Kweli siti ilishuka, ila mikono yangu haikurefuka. Kila safari shingo inauma, vidole vinakufa ganzi, nikadhani ndo mchezo wenyewe ulivyo. Saizi za resi kwa kawaida zinahesabiwa kwa sentimita za fremu, 50, 52, 54, 56 na kuendelea, mara nyingi kuna stika kwenye bomba la siti. Mtu wa 165 mpaka 172 hivi aanzie kuangalia 52 na 54, wa 173 mpaka 180 aangalie 54 na 56, ila kila kampuni ina vipimo vyake kwa hiyo namba ni ya kuanzia tu, lazima upande. Kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuinamia upande mmoja, hapo siti iko karibu na urefu wako. Halafu shika juu kwenye ile mipira ya mikono ya breki, viwiko vibaki vimekunja kidogo. Ukiona unajinyoosha kama unachungulia kisima, fremu ndefu. Ile shingo inayoshika hendeli unaweza kubadilisha, ya milimita 100 ukaweka ya 80 na mambo yakaenda, lakini ukiona unahitaji ya 50 ujue hiyo baiskeli ni ya mtu mwingine. Ukikwama kati ya saizi mbili chukua ndogo, kupandisha siti na kurefusha shingo ni rahisi, kupunguza fremu haiwezekani.

Kuhusu kaboni, mimi kwa bajeti hii naikwepa. Siyo mbaya, ni kwamba ya mtumba hujui imeanguka wapi, na ufa wake unaweza kukaa chini ya rangi kimya kimya. Ukishindwa kabisa kujizuia, chukua sarafu gonga taratibu bomba zote, sehemu nzima inalia kavu, sehemu iliyooza ndani inalia butu kama mbao mbovu, japo kuna sehemu zenye unene tofauti kwa hiyo sikio lako lisikudanganye sana. Alumini ndo ya kwetu sisi, na chuma cha zamani kizuri nacho sikidharau, kinakula vibration na fundi wa kuchomelea yupo kila mtaa. Kwa fremu yoyote ile, inama uangalie chini ya bomba zile mbili za mbele zinapokutana na kichwa, lile bomba fupi la mbele chini ya hendeli. Rangi ikiwa imekunjamana au imepasuka kwa kuzunguka, hiyo iliwahi kugonga kitu kwa mbele, rudisha hela mfukoni. Halafu simama nyuma, angalia ile mashine inayohamisha cheni, vile vigurudumu vyake viwili vidogo vinatakiwa visimame mstari mmoja na meno. Zinapangwa kwenye kontena kama dagaa, kile kisikio kinachoshika mashine kinapinda, na kila fremu ina kisikio chake, hukipati dukani hivi hivi.

Mwambie pia muuzaji alegeze nguzo ya siti mbele yako uione inapanda na kushuka. Wengi hawaulizi. Jasho la miaka na hewa ya bahari vinaigandisha humo ndani, na muuzaji anajua, ndo maana anakuambia "hiyo height inakufaa kabisa".

Gia sasa. Nyingi utakazokuta ni za Shimano, kampuni ya Japan, na ngazi zake za kati kwenda chini zinaenda hivi, Claris ina gia 8 nyuma, Sora 9, Tiagra 10, juu yake 105 ambayo za zamani kidogo zina 10, zikaja za 11, na za sasa ni 12. Mtu atakuambia usikubali chini ya 105. Mimi nakuambia Sora au Tiagra iliyo hai inaishinda 105 iliyochoka, na cheni ya gia 8 au 9 ni nafuu, inapatikana, wakati gia 12 ikikufia utaagiza na kusubiri. Kitu cha kuchunguza kwa makini ni mikono yenyewe, ile yenye breki na gia pamoja, maana ndo spea ya bei kubwa. Grisi ya ndani ikikauka unabonyeza haishiki, unabonyeza tena haishiki. Pandisha gia zote, shusha zote, ukiwa unaendesha, siyo imeninginizwa kwenye stendi ambapo kila kitu kinafanya kazi vizuri.

Cheni ipime kwa rula ya shule tu, ile yenye inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja, nenda inchi 12, cheni mpya pini inaangukia 12 kamili. Ikiwa imepita kwa 1/16 ya inchi cheni imeisha. Ikifika 1/8 basi na meno ya nyuma yameshaliwa, ukiweka cheni mpya itaruka, kwa hiyo unanunua vyote viwili na hapo una haki ya kushusha bei. Mimi rula inakaa kwenye begi, wauzaji wananiangalia vibaya lakini bei inashuka. Angalia na idadi ya meno. Mbele 53 na 39 na nyuma kubwa ni 25, hiyo ni ya mtu mwenye mapaja, Dar tambarare utaenda, lakini siku mkisema twende Mombo mpaka Lushoto utasukuma kwa mikono. Tafuta 50 na 34 mbele, nyuma kubwa iwe 28 au 32.

Magurudumu ndo yaliyonifundisha zaidi kwa uchungu. Zungusha moja moja uangalie lisiyumbe, tikisa pembeni uone kama beringi zina mchezo, halafu pitisha kidole pale raba za breki zinaposhika rimu. Pakiwa bapa sawa, pakiwa pameingia ndani kama kisahani, rimu imeliwa na ipo siku itapasuka. Tairi ukiona imebandikwa kwenye rimu kwa gundi na imeshonwa na tyubu humo humo, hata kama muuzaji anaiita ya kiprofesheno, achana nayo, ikipata pancha Bunju utarudi na bajaji.

Halafu kuna hii ya tairi ya 28, sikiliza vizuri. Tairi za resi nyingi ni saizi inayoitwa 700, kipenyo cha rimu milimita 622. Phoenix za mizigo ni 28 ya 635. Sasa tairi za 700 wengine nao wanaziita 28, na upana wa milimita 28 nao unaandikwa 28, kwa hiyo ukienda dukani ukasema "nipe tairi ya 28" unaweza kupewa ya Phoenix, inaingia vizuri kabisa bila hata kutumia vijiko vya kuvalishia tairi, unafurahi, unajaza upepo, inatoka kwenye rimu, paah. Soma maandishi madogo pembeni ya tairi, yawe na 622 mwishoni, mfano 25-622 au 28-622. Upana chukua 25 au 28, 23 waachie wenye lami za kwao, kwa rasta na mashimo yetu unaumia mgongo na rimu zinaumia pia. Kabla ya kulipa angalia kama 28 inapita kwenye breki na fremu, nyingi za zamani hazipitishi. Na valvu za tyubu za resi ni zile nyembamba, pampu ya fundi wa kona haishiki, nunua adapta ya shaba uifunge kwenye ufunguo wa nyumba.

Breki za raba zinatosha. Disiki za waya sawa. Disiki za mafuta nzuri sana, ila za Shimano zinatumia mafuta ya madini, ukimpa fundi asiyejua akakuwekea brake fluid ya gari, raba za ndani zinavimba na breki kwisha habari. Na jambo dogo linaloangusha watu, zilizotoka Uingereza na Japan mkono wa kulia kwa kawaida ni breki ya mbele, zilizotoka Ulaya bara mkono wa kushoto. Jaribu mkono mmoja mmoja ukienda polepole, usije ukajua kwenye mteremko.

Rangi usiiangalie. Siti ngumu usiiogope, siti inabadilishwa. Kilichobaki ni namba iliyogongwa chini, pale kwenye ekseli ya pedeli. Ikiwa imekwanguliwa ondoka bila kuuliza. Ikiwepo ipige picha, mwambie muuzaji aiandike kwenye karatasi pamoja na bei na jina lake asaini, akianza kuzungukazunguka umeshapata jibu.

Ukishaichukua, waya mpya zitalegea wiki ya kwanza na gia zitaanza kupiga kelele, usipanik, rudisha kwa fundi akaze, kazi ya dakika chache. Na siku hiyo hiyo mwambie aitoe ile nguzo ya siti, aipake grisi, airudishe, maana ukiiacha hivyo hivyo na jasho la Dar mwaka mzima, siku ya kuiuza utaitoa kwa msumeno.