Ukienda Saiwa Swamp kumtafuta nzohe, soma hii kwanza

Wengi wakisikia mbuga wanawaza gari la kufungua paa na simba amelala kando ya barabara. Saiwa Swamp haina hiyo kitu. Gari linabaki getini, ndani ni miguu yako tu, na mnyama aliyefanya hifadhi hii ianzishwe mwaka 1974 ni swala anayeishi kwenye kinamasi, nzohe, ingawa wengi wanamwita tu sitatunga. Eneo lote ni kama kilomita 3 za mraba hivi, ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kabisa Kenya, kwa hivyo ukija na haraka utaimaliza mapema na hutakuwa umeona kitu, halafu uende kuambia watu ati hakuna wanyama.

Kufika si ngumu. Iko Trans Nzoia, juu ya mita 1,800, huku Mlima Elgon na kule milima ya Cherangani. Kutoka Kitale unapanda matatu ya Makutano ama Kapenguria, mwambie konda akushushe njia panda ya Kipsaina, hapo bodaboda hazikosi, elewaneni bei kabla hujapanda. Shida ni saa. Nzohe anakula alfajiri na jioni, jua likipanda anaingia katikati ya matete anajilalia na hapo humwoni tena, sasa kama umelala Kitale mjini na unategemea matatu utafika saa tatu wakati yeye ashamaliza mambo yake. Lala karibu. Kuna sehemu ya kupiga hema hapo hapo hifadhini, na geti linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, hakikisha wewe ndiye wa kwanza.

Malipo fanya kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ukiwa bado mahali kuna network nzuri, noti getini hawachukui. Beba kitambulisho, bei ya mwananchi na ya mgeni haziko karibu hata kidogo.

Ukishaingia, salimia renja vizuri na umuulize vitu viwili: nzohe wameonekana upande gani siku hizi, na mbao gani zimeoza. Simaanishi utani hapo. Njia inapita juu ya kinamasi kwa mbao, na mbao kwenye maji hazidumu, mvua ikinyesha zinateleza ajabu. Pembeni ya kinamasi kuna minara ya mbao ya kupanda, na hapa ndipo watu wengi huharibu, wanapanda, wanapiga selfi, wanaongea kwa sauti dakika tano halafu wanashuka kwenda mnara mwingine. Chagua mmoja ukae. Saa nzima, ikiwezekana zaidi. Simu iwe kimya, na kama mko kundi la watu kumi wenye vicheko basi jigaweni, mnara mmoja hauwatoshi na hamtaona kitu.

Usitafute mnyama mzima. Angalia matete yanayotikisika na hakuna upepo, angalia pale matete yanapoachia uwazi kidogo, huko ndiko anatokea kula. Dume ni kahawia iliyokolea, manyoya marefu yamechakaa chakaa, pembe za kujisokota. Jike ni mwekundu-mwekundu, hana pembe, ana mistari myeupe. Hapo kwa jike ndipo watu wanachanganya na pongo, ambaye pia yupo Saiwa. Pongo utamkuta pakavu kwa ukingo wa msitu, nzohe anasimama ndani ya maji kabisa. Ukiona nyayo kwenye tope, za nzohe ni ndefu na zimepanuka, kwato zimeachana ndiyo maana hazami kama wanyama wengine. Na akishtuka hakimbii mbali saa zote, kuna wakati anajizamisha tu, pua ndiyo inabaki juu, kwa hivyo akipotea ghafla usishuke mnarani, subiri, pengine yuko pale pale.

Jua likishapanda geukia msitu wa kandokando. Mbega hutawakosa, wana kelele. Kazi iko kwa kima wa De Brazza, yule mwenye ndevu nyeupe na kipaji cha uso cha rangi ya machungwa, huyu mimi naona anafaa safari hata nzohe asipotokea. Hukaa karibu na mto, chini chini kwenye miti, na akikuona anaganda hatikisiki, watu wanapita chini yake na hawajui. Tembea hatua chache, simama, angalia juu, rudia.

Korongo taji wanazaa humu kinamasini lakini chakula wanafuata nje pia, mashambani, kwa hivyo ukiwa kwenye bodaboda angalia mashamba ya mahindi njiani, unaweza kuwaona kabla hata ya kufika getini.

Cha kubeba: sweta, asubuhi kuna baridi kweli. Gambuti kama ni kati ya Aprili na Oktoba, mvua huku si ya mchezo, Desemba hadi Machi viatu vya kawaida vya kutembea vinatosha. Nguo za rangi ya majani ama udongo, hiyo tisheti nyeupe iache. Darubini ni lazima, azima kama huna, maana kwa simu nzohe atatoka kama doa tu. Maji na kitu cha kutafuna beba mwenyewe, na makaratasi rudi nayo.

Kama raundi ya asubuhi haikutosha kumwona nzohe, pumzika mchana chini ya miti urudi mnarani kuanzia saa kumi jioni. Dereva wa boda mpatie namba mapema akujie kabla saa kumi na mbili, geti likifungwa hutaki kuanza kutafuta usafiri gizani.