Kutenganisha "affect" na "effect" kwa msaada wa Kiswahili

Juzi nilikuwa nampitishia mdogo wangu ripoti yake ya Kiingereza, nikakuta "affect" na "effect" zimebadilishana nafasi karibu kila ukurasa. Programu ya kukagua tahajia haikustuka hata mara moja, maana yote mawili ni maneno halali. Tukafanya hivi:

Hatua ya 1: Iseme sentensi kwa Kiswahili. Tunayo jozi kama hiyo: athari ni nomino, athiri ni kitenzi. "Ukame uliathiri mavuno" ni "The drought affected the harvest." "Athari za ukame" ni "the effects of the drought." Ukisikia "ya" au "za" inafuata, andika effect. Ukisikia -li-, -na- au -ta- imetangulia, andika affect.

Hatua ya 2: Tazama majirani. Effect hutanguliwa na "the" au "an", na mara nyingi hufuatwa na "on". Kitenzi affect hupokea yambwa moja kwa moja. Usiandike "affects on us".

Hatua ya 3: Chunguza kitenzi effect. Hiki kiliwahi kunilia jioni nzima. Nilikuta "The committee effected changes", nikafuta e, nikaweka a, nikaamini nimesahihisha. Kumbe nimegeuza maana! Effect ikiwa kitenzi haimaanishi kuathiri. Ni kuleta, kutimiza jambo. "Effect changes" ni kuleta mabadiliko yenyewe. "Affect changes" ni kuyagusa mabadiliko yaliyopo tayari, pengine kuyachelewesha. Kwa hiyo jaribu kuweka "-leta" au "-timiza" mahali pake: ikikaa vizuri, iache effect. Lakini usiizoee, ni ya maandishi rasmi, na huambatana na maneno machache kama "change" na "repairs". Kwingineko kitenzi ni affect karibu siku zote. Wanasaikolojia nao wana nomino affect, yaani hisia za mtu zinavyojionyesha usoni na sautini; mkazo wake huwa kwenye silabi ya kwanza.

Hatua ya 4: Fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza. Mimi hutumia Oxford Advanced Learner's Dictionary, na mashine ya kutafsiri siigusi kwa kazi hii. Mashine itakupa "athari" tupu. Kamusi hukutajia aina ya neno kabla ya maana, kisha inakupa mfano wa sentensi. Anza na aina.